Ngozi Haihitaji Bruchi

Leo hakuna klipu. Nimejaribu kurekodi hii stori mara tatu na kila mara napandisha sauti mpaka mbwa wa jirani wanaitikia, kwa hivyo nimeamua kuandika. Ni ndefu. Kama huna bando, rudi jioni.

Mnaikumbuka ile video niliyoshea ya bruchi ya Wakelti? Jamaa amejitanda joho la sufu, anachomeka pini begani, anazungusha pete kidogo, anaachilia mkono, na joho linabaki palepale kama limepigwa kufuli. Nilishea kwa sababu ni kitu safi, basi. Kisha mtu wa upande wetu huku, Mkipsigis kama mimi, akaandika chini yake kwamba wenzetu walikuwa na dhahabu na mafundi, sisi tulikuwa tunajifunga ngozi ya mbuzi kwa fundo begani, tukubali tu tulikuwa nyuma. Ikapigwa mioyo kuliko video yenyewe. Wengine wakaongeza vichekesho vya ngozi kunuka. Mmoja akasema hata sindano hatukuwa nayo.

Sitamtaja aliyeandika. Shida yangu si yeye, shida yangu ni ile mioyo. Kumbe tuko wengi wa umri huu tunaoamini kwamba bruchi ni cheti cha akili na fundo ni ushahidi wa ujinga. Nataka tubishane hapo hapo, kwenye pini na fundo. Sitaki zile hotuba za kujivunia utamaduni ambazo wanasiasa hutoa siku ya sikukuu wakiwa wamevalishwa joho la manyoya juu ya suti.

Tuanze na hiyo bruchi yenyewe. Kamusi inaiita bizimu, neno ambalo sijawahi kusikia likitamkwa pale steji ya Kedowa, kwa hivyo nitasema bruchi na walimu wa Kiswahili wanisamehe. Watu wa Ireland na Scotland ya zamani, tuseme miaka 1,300 iliyopita, walivaa kanzu ya kitani ndani waliyoiita léine, na juu yake joho la sufu lililoitwa brat. Hiyo brat haikuwa na kifungo, haikuwa na mikono. Ilikuwa kipande kizito cha kitambaa, unajizungushia. Sasa kitu kama hicho kitakaaje mwilini ukiwa juu ya farasi, au nyuma ya ng'ombe, na upepo wa bahari unakupiga? Ndiyo pini ikaingia.

Bruchi yao ilikuwa pete yenye pengo, na pini ndefu inayoteleza kwenye hiyo pete. Unakusanya kingo mbili za joho, unapitisha pini ndani na kuitoa upande wa pili, unaipenyeza ncha kwenye pengo, halafu unazungusha pete mpaka pengo liende kando na pini ilale juu ya chuma. Uzito wa joho lenyewe ndio unaivuta na kuikaza. Hakuna springi, hakuna skrubu. Joho likiwa zito zaidi, inashika zaidi. Manze, huo ni ufundi, na sina haja ya kuupunguza ndio nijisikie vizuri. Mimi naishi Kedowa. Huku Julai ikifika unavaa jaketi mbili ukienda chooni. Mtu wa Kedowa hawezi kudharau kitu chochote kinachoshikilia blanketi.

Lakini angalia inafanya kazi kwa nini. Sufu iliyofumwa ina nafasi kati ya nyuzi. Pini inasukuma nyuzi kando, inapita, na ukiitoa nyuzi zinarudi mahali pake. Kitambaa hakijatoboka. Unaweza kuchoma na kuchomoa kila siku miaka kumi.

Sasa chukua pini hiyo hiyo uichome kwenye ngozi ya mbuzi. Umetoboa. Tundu hilo halirudi. Kesho ukikosa lile la jana unachoma pembeni, tundu la pili. Vazi likivuta kwa uzito wake, tundu linageuka mpasuko. Baada ya miezi kadhaa begani umebaki na kichujio cha chai. Ngozi inataka kitu tofauti kabisa: tundu chache zilizotobolewa kwa makusudi, ukanda wa ngozi upite hapo, ufungwe. Au kingo mbili zikutanishwe begani zifungwe fundo. Kile kitu mnakicheka ndicho jibu sahihi kwa ngozi. Ungempa fundi wa Ireland ngozi ya mbuzi badala ya sufu, na yeye angefunga.

Najua swali linalofuata. Kwa nini basi sisi hatukufuma sufu? Kaka, dada, umewahi kumwangalia kondoo wa hapa? Yule wa asili, mwekundu, mkia mnene wa mafuta, ambaye wafugaji wa Bonde la Ufa wamekuwa naye tangu zamani. Ana nywele fupi kama za mbuzi. Huwezi kumkata manyoya ukasokota uzi, hana cha kukatwa. Kondoo wa sufu unaowaona leo waliletwa na masetla mwanzoni mwa karne ya 20. Mababu zetu walikuwa na mbuzi, ng'ombe na kondoo wa nywele, wakatengeneza mavazi ya kile walichokuwa nacho, na wakawa mabingwa wa kile. Wakelti vilevile. Hakuna aliyekuwa nyuma ya mwingine. Walikuwa na mifugo tofauti.

Na usidhani ngozi ilikuwa kuchuna tu na kuvaa. Gogo wangu hakuvaa ngozi, alikulia kwenye vitambaa vya dukani, lakini mama yake alivaa, na gogo aliwahi kuona kazi ilivyokuwa. Kupigilia ngozi vigingi ikauke, kukwangua nyama na nywele, kupaka mafuta, kusugua kwa mikono, kupaka tena, kusugua tena, siku baada ya siku mpaka iwe laini kama kitambaa. Nilimuuliza, "Gogo, ilikuwa inanuka?" Akanitazama kwa ile jicho. "Ilinuka mafuta," akasema. "Wewe jaketi yako ya mitumba ilinuka nini siku ulinunua?" Sikuwa na jibu. Mnajua ile harufu ya bale likifunguliwa.

Halafu kuna sambut, joho la wazee. Ngozi ndogondogo za wanyama kama pimbi, moja baada ya nyingine, zikishonwa pamoja mpaka mtu mzima ajifunike. Pimbi ni kama sungura kwa ukubwa. Fikiria ni mishono mingapi hiyo. Na kuna mtu aliandika hatukuwa na sindano.

Kuna ujanja mwingine kwenye ile komenti, na huu ndio unaniudhi zaidi. Ukisema Wakelti walivaa dhahabu, ni Wakelti gani? Zile bruchi unazoziona mtandaoni zikimetameta zilikuwa za wakubwa. Ukubwa wa bruchi na madini yake vilikuwa njia ya kuonyesha cheo. Fedha na dhahabu juu, shaba nyeusi chini yake, na mtu wa kawaida alishikilia joho lake kwa pini ya chuma au ya mfupa. Mfupa! Sheria zao za kale zilizungumzia hata pini inayotokeza sana begani ikamjeruhi mtu, kwa sababu kulikuwa na watu waliotembea na pini ndefu kama mshikaki ili waonekane. Mnamjua mtu wa aina hiyo, yule anayeweka funguo za gari mezani. Kwa hivyo unapochukua bruchi ya mfalme wao ukailinganisha na mchungaji wetu, hujafanya historia. Umefanya kama mtu anayelinganisha kasri ya London na nyumba ya mama mboga, halafu anasema Wakenya hawajui kujenga. Linganisha mchungaji na mchungaji. Wote wawili utawakuta na kitu cha kujifunika na njia rahisi ya kukishika.

Na chuma? Tulikuwa nacho. Tulikuwa na wahunzi, kitongik, waliotengeneza mikuki, visu, kengele na mapambo. Ila chuma chetu cha urembo hakikukaa kwenye nguo, kilikaa mwilini. Waya wa chuma na wa shaba ulizungushwa mkononi, shingoni, ukaning'inia masikioni. Ina maana kabisa. Kama vazi lako haliwezi kubeba pini bila kuharibika, urembo unauweka kwenye shingo, na shanga unazishona kwenye ukingo wa ngozi ambapo tundu ndogo za sindano hazivuti uzito. Picha za zamani ziko, zitazameni vizuri. Mtu wa Ireland aliweka pesa zake zote kwenye nukta moja begani. Sisi tulizisambaza mwili mzima. Nani alipendeza zaidi, hayo ni mapenzi ya mtu, lakini usiniambie mmoja alikuwa na akili na mwingine hakuwa nayo.

Ngoja niwape Mskoti mmoja, tena Mskoti halisi. Joseph Thomson, yule ambaye swala tomi na maporomoko ya Nyahururu vilibandikwa jina lake, alipita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884 akielekea Ziwa Victoria. Alibeba shanga na waya kwa sababu ndiyo ilikuwa pesa ya njia. Alipofika Taveta akagundua kwamba shanga zake hazifai vile zilivyo. Lazima zitungwe upya, kwa urefu fulani hasa, kama Wamaasai walivyotaka, la sivyo hazipokelewi. Msafara mzima ukakaa chini kutunga shanga. Fikiria hiyo picha. Mzungu na wapagazi wake, wamekaa Taveta wanatunga shanga usiku na mchana kwa sababu wateja wa bara wana masharti. Rangi ikiwa si ya msimu, umebeba mzigo wa bure kutoka pwani. Hao ndio mnaosema walikubali chochote walichorushiwa. Hao walikuwa wanaamua fasheni, na viwanda vya shanga kule Venice na Bohemia vilikuwa vinafuata soko.

Hapa huwa anatokea mjuaji. Anasema, aha, umekiri, shanga zilitoka Ulaya, kwa hivyo hata urembo wenu si wenu. Huyo namwambia aende Edinburgh, kwenye jumba la makumbusho la taifa la Scotland, aangalie bruchi ya Hunterston. Ilitengenezwa karibu mwaka 700. Nyuma yake kuna maandishi yaliyochorwa karne kadhaa baadaye, na ni maandishi ya Waviking, yanasema bruchi hii ni ya Melbrigda. Jina ni la Kigaeli, herufi ni za watu waliotoka ng'ambo ya bahari. Wale mafundi walitumia ufundi wa nyuzi za dhahabu na mapambo ya wanyama walioshikana ambayo yalikuwa yanazunguka kote kaskazini mwa Ulaya. Hakuna anayesema bruchi hiyo si ya Scotland. Iko kwenye kioo, imewashiwa taa, watoto wa shule wanapitishwa mbele yake. Kwa nini kuchanganya kwao ni ustaarabu, na kuchanganya kwetu ni wizi?

Tena niwaambie kitu kuhusu hilo neno lenyewe, "Kelti". Wale watu wa Ireland wa mwaka 700 hawakujiita Wakelti. Kuwaita watu wa Ireland, Wales na Scotland kwa jina hilo moja kulianza kushika baada ya msomi mmoja wa Wales, Edward Lhuyd, kuchapisha kitabu chake mwaka 1707 akionyesha lugha zao ni za ukoo mmoja. Jina likapendwa, likakaa. Linakukumbusha nini? Sisi tunaitwa Wakalenjin. Babu wa babu yako hakujua hilo neno kama jina la kabila. Lilishika miaka ya 1940, kupitia wanafunzi na matangazo ya redio ya wakati wa vita, na maana yake ni "nakuambia". Kabla ya hapo ulikuwa Mkipsigis, Mnandi, Mtugen, na Waingereza wakatuita sisi Walumbwa, mpaka stesheni ya reli ikaitwa Lumbwa, ile mnayoijua leo kama Kipkelion. Kwa hivyo majina yote mawili ni miavuli, na wa kwao umetutangulia kwa karne mbili na kitu tu. Mtu asije akakutishia na ukale wa neno "Kelti".

Na bruchi maarufu kuliko zote, ile inayoitwa bruchi ya Tara? Tara ni kilima cha wafalme wa kale wa Ireland. Sasa sikia. Bruchi hiyo ilitokea mwaka 1850, ikisemekana ilipatikana Bettystown, ufuoni, mbali na kilima hicho. Sonara mmoja wa Dublin, Waterhouse, akainunua. Alikuwa anauza nakala za bruchi za kale, akajua jina la Bettystown haliuzi, akaibatiza Tara. Bruchi haina uhusiano wowote na Tara. Ikaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya London mwaka 1851, nakala zikawa fasheni, na jina likabaki mpaka leo. Mwaka 1868 ikauzwa kwa taasisi ya wasomi wa Ireland kwa sharti kwamba isiondoke nchini. Iko Dublin sasa hivi, na Waairishi wanaipenda kama roho yao, jina la uongo na yote.

Sijasema hayo kuwacheka. Nawaonea wivu, kusema kweli. Walichukua kitu kizuri, fundi wa biashara akakipa jina la biashara, na bado watu wazima walikaa wakaamua hiki hakitoki hapa. Sisi vya kwetu viko wapi? Kulikuwa na mradi wa Wakenya na Wajerumani, pamoja na makumbusho yetu ya taifa, wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo nje. Walifikia zaidi ya vitu 32,000, katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Elfu thelathini na mbili, na hiyo ni kwa waliokubali kutoa orodha. Koitalel arap Samoei aliuawa na Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, na fimbo zake za uongozi zikapelekwa Uingereza. Zilirudi mwaka 2006. Miaka 101. Na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha Watalai kutoka Kericho hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, familia nzima nzima. Watu wale ndio walikuwa na mavazi na vifaa vya uongozi. Sasa unashangaa kwa nini hujaona kitu kizuri cha Kipsigis kwenye kioo? Na yule mzee aliyekuwa akijua jina la kila kipande, unadhani alikuwa wapi?

Sasa nifike kwenye kinachoniuma, kwa sababu hii si stori ya makumbusho tu. Swali ni kwa nini kijana wa Kericho aone ngozi na afikirie aibu. Mimi nina jibu, na jibu ni gunia.

Wote mmepitia. Tamasha la muziki la shule, densi ya kitamaduni, na mwalimu anasema kila mtu alete gunia. Shule yangu ya msingi, ambayo sitaitaja, ilitukatia sketi za gunia za mkonge, zikachanwachanwa chini ziwe kama nyasi, tukapakwa chokaa usoni, tukaambiwa turuke ruke. Kwa nini chokaa? Hakuna aliyejua. Kwa nini nyasi? Wakipsigis na sketi ya nyasi wapi na wapi! Nilijikuna wiki nzima. Tukapewa namba tatu kwenye kanda, na mwalimu akasema hivyo ndivyo mababu zenu walivaa. Tangu darasa la nne tunafundishwa, kwa vitendo, kwamba babu alikuwa mtu wa gunia. Gunia la mkonge, ambao wenyewe uliletwa Afrika Mashariki na Wajerumani mwaka 1893, kutoka Mexico kwa njia ya Florida! Halafu tukifika miaka 20 tunaona bruchi ya fedha kwenye simu na tunalia kwamba tulikuwa nyuma. Hatukulinganisha sambut na brat. Tulilinganisha gunia la mwalimu na dhahabu ya mfalme.

Ukikua, gunia linabadilika tu kuwa mavazi ya kukodi ya koito. Shuka nyekundu ya miraba, shanga za plastiki, kofia ya manyoya bandia, bei inategemea wamekuona na gari au bila. Sina neno na wanaokodisha, wanatafuta unga. Sina neno hata na shuka. Kuna wale wanaosema shuka ya miraba ni ya Scotland kwa sababu inafanana na vazi la kule. Miraba inatokea ukifuma nyuzi za rangi mbili zikikatana, popote duniani palipo na kitanda cha mfumi, na stori hiyo inatembea bila stakabadhi. Ninachotaka ni bibi harusi ajue alichovaa kinaitwaje na kinafanya kazi gani. Hicho tu. Mskoti leo akikodi sketi yake ya harusi na pini yake ya begani, mwenye duka anamwambia pini inakaa upande gani na kwa nini. Na usisahau hao nao walipigwa marufuku. Sheria ya mwaka 1746 iliwakataza watu wa milimani kule kuvaa mavazi yao, na haikufutwa mpaka 1782. Walipoyarudia, mengi yaliundwa upya, na mwaka 1822 mfalme wa Uingereza mwenyewe akatembelea Edinburgh akiwa amevaa vazi lile lile lililowahi kumfunga mtu jela. Utamaduni wao ulikatika ukaungwa. Kiungo kinaonekana. Wanauvaa hivyo hivyo na hawaombi msamaha.

Najua mtaniambia mambo matatu, nijibu kabla hamjaandika. Kwanza, wanyama. Kweli, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu utembee na ngozi ya mbega au pimbi bila kibali, na mimi naiunga mkono, wabaki msituni. Mbuzi je? Mbuzi wanachinjwa kila Jumamosi hapa na ngozi zinatupwa au zinauzwa kwa bei ya soda. Pili, kuna mavazi ya ngozi yaliyohusu ukeketaji, ya wasichana walipokuwa wamefungiwa ndani. Ni kweli, na sitajifanya hayakuwepo. Ukeketaji ni kosa tangu sheria ya 2011, na ulikuwa ukatili hata kabla ya sheria. Yale mavazi yakae kwenye kioo na maelezo ya ukweli. Lakini sambut haikumkata mtu, na ukanda wa shanga wa mama wa nyanya yangu haukumkata mtu. Tatu, wale wa kanisani watasema ngozi na shanga ni za miungu. Hao ndugu zangu nawauliza tu, Yohana Mbatizaji alivaa nini?

Na kama bado unaamini kwamba pini ni kipimo cha akili, nina ushahidi wa mwisho, uko nyumbani kwenu. Pini ya kawaida, ile ya kufunga na kufungua yenye springi, ni mjukuu wa bruchi. Mmarekani Walter Hunt aliisajili mwaka 1849, akauza haki zake kwa dola 400 kwa sababu alikuwa na madeni (huyo nami ningekunywa naye chai). Ilipofika huku, na vitambaa vya dukani vilipochukua nafasi ya ngozi, nani alihitaji kufundishwa? Hakuna. Gogo wangu ana pini mbili kwenye sweta yake, upande wa ndani, muda wote. Moja ya shali, moja ya dharura. Akimfunga mtoto mgongoni, shali inashikwa kwa pini. Pesa za chama zinashikwa kwa pini ndani ya nguo, mahali ambapo mwizi ataona aibu kufika. Na wewe, siku ya kwanza ya nasari, hanchifu yako ilikuwa imeshikiliwa na nini kifuani? Watu wale wale, akili zile zile. Walipokuwa na ngozi walifunga fundo. Walipopata kitambaa wakachoma pini siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo hivi ndivyo tutafanya. Kuna fundi wa viatu hapa sokoni ambaye amekubali kunionyesha kulainisha ngozi ya mbuzi mmoja, na gogo amekubali kukaa kwenye kiti amkosoe. Nitarekodi yote, hata nikiharibu. Nani ana ukanda, kipuli, kibuyu, hata picha ya zamani iliyokunjamana, ya mtu wa kwao? Nitumie, pamoja na jina lake kwa Kipsigis kama nyumbani kuna anayelijua. Usiuze kwa yule mtalii wa barabara ya Nakuru kwanza. Na wewe uliyeandika ile komenti, najua unakaa karibu na Londiani. Mbuzi anachinjwa Jumamosi. Njoo na pini yako.